Buibui miguu mirefu wa kona ya dari: namna ya kumtambua, kumhamisha na kukaa naye nyumba moja

Kabla hujachukua fagio la buibui ukaanza kuzungusha kwenye kona za dari, chukua kwanza tochi ya simu. Naomba dakika tano tu za kuangalia, ukishaangalia ndo uamue. Nasema hivi kwa sababu wengi tunafagia bila kujua tunafagia nini, na kwenye kona ile ile anaweza kuwepo buibui anayekula mbu wako usiku kucha bila kukudai hata senti, na anaweza kuwepo mwingine ambaye kweli hutaki mtoto amshike. Hawafanani kabisa, ni suala la kujua uangalie wapi.

Mimi naishi Tanga, nyumba ya zamani yenye kuta nene, dari ya mbao, stoo nyuma na choo cha nje, kwa hiyo hawa viumbe nimekaa nao miaka. Ninayemzungumzia ni yule mwenye miguu mirefu myembamba kama nyuzi, mwili mdogo kama punje ya mchele, ananing'inia mgongo chini tumbo juu kwenye utando wake, na ukimgusa kidogo tu anajitikisa mpaka humuoni vizuri. Sisi tunamwita tu buibui wa darini, au wa stoo. Wataalamu wanamweka kwenye jenasi (yaani kundi la spishi ndugu) ya Smeringopus, na huyu anayekaa majumbani kwetu ni Smeringopus pallidus, hilo pallidus ni Kilatini, maana yake aliyepauka, na kweli ukimmulika ana rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.

Kitu nilichokipenda nilipoanza kumsoma ni kwamba hii jenasi kwao ni Afrika. Spishi yetu ilielezwa kitaalamu na Muingereza John Blackwall mwaka 1858, jenasi yenyewe ikawekwa na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1890, halafu mwaka 2012 mtafiti Bernhard Huber akaipitia upya yote, akaongeza spishi nyingi, na nyingine akazipa majina ya huku huku kwetu: kuna Smeringopus turkana, Smeringopus bwindi, Smeringopus butare, Smeringopus katanga. Ziko zaidi ya 50 sasa. Wengi wao hawana habari na nyumba za watu, wako zao msituni, kwenye mapango, chini ya mawe, kwenye mashina yenye uwazi. Huyu pallidus ndo aliyezoea nyumba, akapanda na mizigo kwenye meli, leo yuko Asia, yuko Amerika, yuko mpaka visiwa vya Pasifiki. Na sisi wa Tanga tuna ndugu zake wengine juu hapo Usambara, jenasi ya Buitinga, hao ni wadogo na ni wa msituni tu, mmoja anaitwa Buitinga amani, mwingine Buitinga mazumbai, na kuna mmoja kapewa jina Buitinga kadogo. Sijui kama kuna mtu aliwahi kukuambia kwamba kuna buibui ambaye jina lake la kisayansi ni kadogo, ila yupo.

Haya, kazi sasa.

Mtambue kwanza

Subiri giza liingie, saa mbili saa tatu usiku hivi, maana mchana wanajibana kwenye kona na hawana la kufanya. Zima taa ya chumba, washa tochi, mulika kwa pembeni usimulike moja kwa moja, mwanga ukija kwa ubavu nyuzi zinang'aa na unaona umbo la utando lote. Kama huoni vizuri chukua ile chupa ya kupulizia maji unayotumia kupigia pasi, pulizia mvuke mdogo kwa mbali, usimlowanishe mwenyewe, vitone vitakaa kwenye nyuzi na utaona kitu ambacho ulikuwa unapita chini yake kila siku bila kukijua.

Utando wa Smeringopus umebinuka kama kawa, ile kawa ya ukindu ya kufunikia chakula. Kuna shuka jembamba limejikunja juu limetengeneza kuba, juu ya hilo kuba kuna nyuzi zimekwenda ovyo ovyo kila upande mpaka ukutani, na mwenyewe yuko ndani ya kawa, ananing'inia chini ya kuba. Mdudu anayeruka akija anagonga zile nyuzi za juu, anababaika, anashuka kwenye shuka, na hapo chini kuna mtu anamsubiri. Mimi nilikuwa nadhani buibui wa stoo hana ufundi, nilikuwa naona vumbi tu limeshikana. Pulizia maji siku moja, utaona hesabu iliyopigwa pale.

Sasa mwili. Ni mrefu kwenda nyuma, umbo la mchele au la kapsuli ndogo, mgongoni kuna mabaka mawili mawili ya kahawia iliyokolea kuelekea zambarau yamepangana mpaka nyuma. Miguu imepauka ila kwenye magoti ina pete nyeusi na nyeupe. Ukipata simu yenye kamera nzuri ukakaribia, tena sogea polepole bila kupumulia utando, utaona macho manane, matatu yamekaa kichuguu kimoja upande huu, matatu upande ule, na mawili madogo katikati. Akiwa dume utaona mbele ya uso kuna vitu viwili vimevimba kama glovu za ngumi, hizo ndo anatumia kupandia jike.

Kuna wawili wanaofanana naye ambao pia utawakuta nyumba hiyo hiyo. Wa kwanza ni Crossopriza lyoni, huyu tumbo lake si mchele, lina pembe, nyuma kwa juu limechongoka kama ncha ya kaburi la zamani la pwani, ni wa kijivu na miguu yake ina vidoadoa vingi. Wa pili Artema atlanta, huyu ni mkubwa kuliko wote, tumbo la mviringo kama punje ya choroko iliyovimba na maji, ukimuona mara ya kwanza utashtuka. Wote ni familia moja, Pholcidae, wote tabia ni karibu moja, wote hawana shida na wewe. Kwa hiyo hata ukikosea kati ya hawa watatu hujaharibu kitu.

Usiyetakiwa kukosea ni mwingine. Huyo hakai darini sana, anakaa chini, chini ya kiti cha plastiki, ndani ya ndoo iliyogeuzwa, kwenye mguu wa meza ya nje, kwenye matofali yaliyopangwa, kwenye kiatu kilichosahaulika barazani. Miguu yake si mirefu kihivyo, tumbo ni duara kama njegere, rangi ya kahawia, na akiwa amening'inia ukimulika chini ya tumbo utaona alama ya rangi ya chungwa umbo la kioo cha saa ya mchanga, yaani pembetatu mbili zimekutana kwa ncha. Huyo ni mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus. Dalili ambayo haikosei ni mayai yake, mfuko wa mviringo wenye miiba miiba pande zote kama tunda la mbarika. Ukiona kimpira chenye miiba chini ya kiti, usipeleke mkono, vaa glovu au tumia kijiti. Anang'ata kweli na inauma, ingawa naye hakimbilii watu, anang'ata akibanwa. Buibui wetu wa miguu mirefu mayai yake hayana mfuko wa miiba, na hayawachi mahali, nitakuja huko.

Mambo ya kukojolewa na buibui

Hapa lazima nikae kidogo maana hili ndo linalowaua bure. Mtu anaamka asubuhi ana mstari mwekundu shingoni, unawaka moto, kesho yake unatoa malengelenge, mama anasema ushakojolewa na buibui, basi siku hiyo nyumba nzima inapigwa fagio. Mimi nimekuzwa na hiyo kauli na niliiamini mpaka ukubwani.

Buibui hakukojolei ukaungua. Mara nyingi huo mstari ni kazi ya yule mdudu mdogo mwembamba mwenye rangi nyeusi na chungwa zimepishana, wanamwita Nairobi flai, anapenda mwanga wa taa, anakuja kwa wingi misimu ya mvua. Naye haumi wala hang'ati. Ndani ya mwili wake kuna sumu inaitwa pederini, unamkuta anatembea shingoni usingizini unampiga au unamsugua, sumu inatoka inakupaka, na kwa kuwa inachukua siku moja mpaka mbili kuonekana, ukija kuona kidonda mdudu hayupo tena na aliyepo juu yako ni buibui, kesi anapewa yeye. Ukimkuta ngozini mpulize aruke, usimsugue, halafu osha pale na sabuni na maji mengi na usishike macho. Taa ya baraza izime mapema au weka mbali na mlango.

Na kama malengelenge yamejipanga upande mmoja tu wa mwili, ubavuni au kiunoni, na yanauma kwa ndani kama umeme, huo unaweza kuwa mkanda wa jeshi, hiyo ni virusi, nenda hospitali mapema, usikae unapaka majivu unamlaumu buibui.

Kuna na ile nyingine inayozunguka kwenye magrupu, kwamba huyu miguu mirefu ndo mwenye sumu kali kuliko buibui wote duniani ila meno yake mafupi hayawezi kutoboa ngozi. Si kweli. Sumu anayo kama buibui karibu wote walivyo nayo, ni ya kulazia wadudu, na waliyoipima ya familia hii wameikuta dhaifu. Mwaka 2004 kuna mtu kwenye kipindi cha televisheni huko Marekani alitia mkono kabisa kwenye chombo chenye hawa wa jenasi ya Pholcus mpaka akang'atwa, akasema kawaka kidogo kwa sekunde chache ikaisha. Mimi nimewabeba kwa miaka, hakuna aliyewahi kunigusa na meno, wao shida yao ni kukimbia.

Amua nani abaki wapi

Kanuni yangu ni rahisi, nyumba nimeigawa. Sebuleni, juu ya vitanda, juu ya jiko na kabati la vyombo, hapo hawakai, kwa sababu utando unashika vumbi na masizi na vinadondoka, na ukutani chini ya kona yake anaacha vidoa vidogo vyeupe na vyeusi vya kinyesi. Stoo, chooni, chini ya ngazi, nyuma ya tangi la maji, gereji kama unayo, hapo ni kwao, nafagia utando uliochakaa tu.

Bibi yangu mzaa mama ndo aliyenipa hiyo bila mimi kujua. Kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani alikuwa anafagia utando wote, anasema nyumba yenye utando inaleta ufukara, lakini mwenyewe buibui alikuwa hamuui, na sisi watoto ole wako uonekane unamkanyaga, kwa sababu ni buibui aliyeziba mlango wa pango Mtume alipojificha humo na Abubakar. Anamnyanyua na ncha ya ufagio anampeleka nje chini ya karo. Nilikuwa naona ni mambo mawili yanayogombana, kufagia na kutoua. Leo ndo nafanya hivo hivo.

Jinsi ya kumhamisha

Usimshike kwa miguu. Hilo nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndo kosa la kwanza kila mtu analofanya, miguu mirefu inakuita uishike, unaishika, unabaki na mguu mkononi unachezacheza na buibui ameenda. Anauachia makusudi ili aokoke. Mtoto bado anajivua ngozi, mguu unaweza kurudi mdogo mdogo, lakini aliyekomaa hajivui tena, huo aliouacha ameuacha moja kwa moja, na kwa buibui anayeishi kwa kupapasa nyuzi kwa miguu hiyo ni hasara kubwa.

Chukua kopo pana la plastiki, lile la aiskrimu lita moja linafaa sana, na njiti moja ya ufagio wa chelewa. Kopo lilete kutoka chini taratibu mpaka awe katikati yake, njiti ilete kutoka juu, gusa utando nyuma yake si mwili wake. Hapo ataanza ule mtikisiko, anazungusha mwili kwa kasi mpaka unaona ukungu tu wa duara, usishtuke, hiyo ni mbinu ya kumchanganya ndege au nyigu asijue ashike wapi. Subiri. Usimchokoe wakati anatikisika kwa sababu ndo anadondoka ovyo au anakimbilia ufa. Akitulia, sukuma tena kidogo, ataachia na kushuka na uzi wake ndani ya kopo, kata uzi kwa njiti, funika na karatasi. Mara nyingi inachukua dakika moja, mara nyingine kumi, inategemea na subira yako.

Dari ikiwa juu huna ngazi, tumia fagio refu, lakini usipige. Zungusha ncha polepole kwenye nyuzi za pembeni kama unavyozungusha tambi kwenye uma, utando utajiviringisha na yeye atang'ang'ania humo, shusha, toka nje na fagio lako likiwa limelala, peleka stoo, liegemeze ukutani uondoke. Asubuhi hayupo kwenye fagio.

Usiweke wawili kopo moja. Wanalana. Niliwahi kukusanya watatu wa sebuleni kwa safari moja nikaona nimeokoa muda, nikapokea simu, niliporudi kopo lina mmoja mnene na vifurushi viwili. Hawa ni wawindaji wa buibui wenzao, hata binamu yao Pholcus phalangioides wa Ulaya na Australia anajulikana kwa kwenda kwenye utando wa buibui mwingine na kuutikisa kama mdudu aliyenasa, mwenye utando akija mbio kula yeye ndo analiwa. Huko Australia amekutwa akiua mpaka wale wajane wenye mgongo mwekundu. Miguu yake mirefu ndo siri yenyewe, anamrushia mwenzake nyuzi na miguu ya nyuma akiwa mbali, anamfunga kwanza, mwili wake hausogei karibu na meno ya adui mpaka kifurushi kimekaza, hapo ndo anang'ata.

Na usimtupe kwenye jua uwanjani ukasema umemwachia huru. Atakauka au kuku atamdonoa. Mpeleke penye kivuli, penye paa, penye pembe tatu za kushikia nyuzi, chini ya karo, kwenye rundo la matofali, kwenye shina lenye uwazi.

Ukimkuta na mayai mdomoni

Jike wa familia hii anabeba mayai yake kwa meno. Utaona ameshika kitu kama kishada kidogo mbele ya uso, wengi wanadhani anakula mdudu. Mulika kwa karibu. Mayai ni duara, ya rangi ya maziwa kuelekea waridi, yamegandana, na nyuzi zilizoyafunga ni chache mno kiasi kwamba unaweza kuyahesabu moja moja kupitia hapo. Kipindi chote amebeba hali kitu au anakula kidogo sana, anaposumbuliwa anarudi nyuma nayo mdomoni, hayaachi.

Huyo usimhamishe. Hata akiwa sebuleni, mvumilie, ni wiki mbili tatu hivi. Wa kwangu wa mwisho alikuwa juu ya mita ya luku, kila nikienda kuingiza umeme namuona, na siku moja ule mviringo ulikuwa si laini tena, umeota nywele. Nikamulika, ni miguu. Watoto wametoka kwenye mayai ila bado wamejishika pale pale mdomoni kwa mama, miguu yote imening'inia chini kama shada la nyuzi, mama hajafumba meno wala hajasogea. Walikaa hivo siku kadhaa, wakajivua ngozi ya kwanza, ndo wakaanza kutawanyika juu ya utando, vidogo unaviona tu kwa vivuli vyao ukutani. Baada ya hapo mhamishe mama ukitaka, watoto wenyewe wanasambaa, na wengi hawafiki ukubwani, wanalana, wanaliwa na mjusi kafiri, nyigu wa udongo naye anabeba buibui kwenda kujazia vijumba vyake, kwa hiyo usiogope kwamba utaamka na buibui mia.

Kusafisha utando bila kumaliza wenyewe

Jifunze kutofautisha utando unaotumika na uliokufa. Unaotumika huuoni bila tochi, nyuzi zimekaza, ukipuliza unarudi mahali pake. Uliokufa ni mweusi kwa vumbi, umelegea, unaning'inia kama kitambaa, ukipuliza unapepea. Tatizo la hawa ni kwamba hawali utando wa zamani kama buibui wengine wanavyofanya, wanaongeza mpya juu ya wa zamani, ndo maana stoo inaonekana chafu hata kama buibui ni wawili tu. Fagia huo mweusi. Anza pembeni njoo katikati, mwenyewe atasogea. Yale mabaki ya wadudu chini yake usiyazoe tu haraka, yaangalie kwanza, hapo ndo risiti. Mimi kwangu nakuta mabawa ya mbu, mbawa za kumbikumbi, visisimizi, nusu ya mende mdogo. Vile vidoa vya kinyesi ukutani kitambaa chenye maji ya sabuni kinatoa.

Mimi stoo nafagia mara moja kwa mwezi, sebule kila Jumamosi. Kwa kuwa sebuleni nafagia mara kwa mara, wanaohamia wanakuwa wachache na utando haujawa mkubwa, kazi ni ya dakika mbili.

Dawa ya kupuliza sishauri. Kuna mwaka nilimlipa fundi aje kupiga dawa nyumba nzima kwa sababu ya mbu, akapiga kweli, asubuhi nikakuta kila kona chini kuna vimwili vidogo, miguu yote imejikunja ndani kama mwavuli uliofungwa, nilizoa kizoleo kizima. Wiki ya pili mbu wapo kama kawaida, walikuwa wanazaliana kwenye pipa la maji nyuma ya choo, pipa ambalo hakuna aliyeliangalia, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Hela ilikwenda, mbu walibaki, na kona zikawa tupu. Roho iliniuma sana, zaidi kwa yule wa chooni aliyekuwa na mayai.

Kuhusu mbu, tusidanganyane

Wanakula mbu, hilo si la kubahatisha. Mwaka 1997 watafiti walichapisha kazi waliyofanya vijijini Thailand kuhusu yule wa tumbo lenye pembe, Crossopriza lyoni, wakimfuatilia majumbani anavyokamata Aedes aegypti, mbu huyo huyo wa mchana mwenye miguu ya michirizi myeupe anayeeneza homa ya dengi, ile iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Na kule kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, kuna buibui mwingine kabisa wa kurukaruka, Evarcha culicivora, alielezwa mwaka 2003, huyo anachagua kabisa mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Kwa hiyo buibui na mbu ni kesi ya kweli.

Lakini buibui wako anakula kinachomjia. Hachagui, hakufuati chumbani, na mbu mmoja akimkwepa anakutosha wewe kuugua. Chandarua chenye dawa kinabaki pale pale, nyavu za madirisha zinabaki pale pale, na pipa, ndoo, vifuu, tairi la zamani, sahani ya chini ya maua, vyote vimwagwe na kusuguliwa kila wiki, kwa sababu yai la mbu linaweza kufika kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja hivi na kuzidi kidogo. Buibui ni msaidizi wa ziada. Mtu akikwambia acha chandarua kwa sababu una buibui, huyo usimsikilize.

Kama una watoto

Wape tochi. Wangu walikuwa wanapiga kelele, sasa wana majina ya buibui wa stoo na wananiletea taarifa. Nimewawekea masharti matatu: wasiguse kwa mkono, wasipulize kwa nguvu, na kabla ya kuangalia chini ya kiti chochote cha nje waite mtu mzima kwa ajili ya yule wa alama ya chungwa. Mchezo wanaoupenda ni kugusa uzi wa pembeni kabisa kwa unywele mmoja na kuhesabu anatikisika sekunde ngapi. Mara moja kwa usiku inatosha, kila mtikisiko unamla nguvu.

Yule wa juu ya mita bado yupo. Utando wake nimeuacha kwa upande wa kulia, kushoto nimefagia ili namba za luku zisomeke.